Mapengo Kumi na Saba

Kwenye mlango wa kabati langu la nguo, upande wa ndani, kuna karatasi ya daftari niliyoibandika mwaka 2011. Ina safu tatu za namba. Zilizokatwa kwa kalamu ya bluu ni matoleo ya gazeti la Sani niliyokwisha kuyapata, na zisizokatwa ni mapengo. Mume wangu akifungua kabati kutafuta shati hupitisha jicho pale, kisha huuliza kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya mgonjwa: "Bado mangapi?" Tulianza na kumi na saba. Kwa miaka minne ya mwisho jibu lilikuwa lilelile: bado moja.

Namba ya hilo moja sitaitaja hapa. Kuna mzee mmoja wa Tanga, mkusanyaji mwenzangu, naye analitafuta hilohilo, na wauza vitabu chakavu wa pale Posta siku hizi wana simu kali kuliko yangu. Wakisikia toleo linatakiwa, bei itapanda kabla mzee wa watu hajashuka kwenye basi.

Kwa waliozaliwa wakakuta vichekesho viko kwenye simu, Sani lilikuwa gazeti la vibonzo na hadithi lililoanza Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1970. Mpaka nimekuwa mtu mzima nilidhani jina lake limekatwa kutoka kwenye "sanii" au "sanifu". Kumbe ni waanzilishi wawili waliounganisha majina yao: Sa ya Saidi Bawji, ni ya Nico ye Mbajo. Ndani yake ndiko walikokuwa wakiishi kina Lodilofa, Madenge, Ndumilakuwili, Kipepe na Dokta Love Pimbi. Angalia majina hayo yalivyo. Ukishasikia tu Lodilofa unajua mfukoni hamna kitu lakini shati limepigwa pasi. Ndumilakuwili ni yule nyoka anayesemwa ana vichwa viwili, na kila mtaa una binadamu wa namna hiyo, anayesema hili kwako na lile kwa jirani. Madenge ana nywele zake za denge, na mtaani kwetu mtoto yeyote aliyevunja kioo au kufungulia kuku wa watu alikuwa akiitwa Madenge, hata kama kichwani hana unywele mmoja.

Kalamu iliyowafanya watu hao wajulikane nchi nzima ilikuwa ya Philip Ndunguru. Alifariki mwaka 1986, bado kijana kabisa. Wengine waliishika kalamu baada yake na gazeti likaendelea, tena kwa miaka mingi, lakini nina ubishi mmoja ambao umenikosanisha na watu: mimi nakusanya Sani za Ndunguru tu, kuanzia mwaka niliojifunza kusoma hadi mwaka aliokufa. Za baadaye nikiletewa nazisoma, nacheka, nazigawa. Katika zile za mwanzo mstari una haraka fulani, kama mchoraji anaogopa wino utaisha kabla utani haujafika. Na huenda wino kweli ulikuwa unaisha. Ilikuwa miaka hiyo.

Nilianza darasa la kwanza mwaka 1982, Morogoro. Kaka yangu alikuwa sekondari na ndiye aliyekuwa akinunua Sani kwa muuza magazeti wa karibu na stesheni ya reli, aliyekuwa akiyaning'iniza kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Hayakuwa yakifika kwa kalenda. Wiki hii lipo, mwezi ujao hakuna, kisha yanakuja mawili kwa mpigo. Kaka alikuwa na utaratibu wake: anasoma yeye, wanasoma rafiki zake watatu, halafu linawekwa juu ya redio, na hapo Baba hupita akijifanya anatafuta miwani. Mimi nilikuwa wa mwisho, na kusoma kwangu kulikuwa kwa kulipia. Sumni, yaani senti hamsini. Kama sina sumni, nifue soksi zake. Leo ukimuuliza anaapa kwamba hakuwahi kunitoza hata senti, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikiyaiba.

Kufikia zamu yangu gazeti lilikuwa halina kichwa wala mkia. Hili lina sababu yake, na mtu asiyekusanya magazeti anaweza asiigundue maisha yake yote. Gazeti la namna hii ni karatasi kubwa zilizowekwa moja ndani ya nyingine, zikakunjwa katikati na kupigwa pini mbili kwenye mkunjo. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza na wa mwisho ni karatasi moja. Ukichana wa mwanzo kufungia sabuni, umeondoka na mwisho wa hadithi. Na pini zikipata kutu, karatasi ya katikati kabisa ndiyo inayochomoka, na humo mara nyingi ndimo kulimokuwa na utamu. Nimekua nikijua visa ambavyo sikuwahi kuona vinaanzaje wala vinaishaje. Katikati yake nayakumbuka kama sala.

Wala sikuwa na wa kumlaumu. Vita vya Kagera vilikuwa vimeisha mwaka 1979, na mambo hayakuwa yamerudi mahali pake. Tulipanga foleni ya sukari, ya sabuni, ya khanga, na mwaka 1983 serikali ilipowaandama walanguzi watu wengine walitupa bidhaa vichakani usiku. Katika nyumba yetu karatasi haikutupwa. Gazeti likishasomwa lilitandikwa kabatini, lilifungia maandazi, liliwashia jiko la mkaa, lilikatwakatwa likatundikwa kwenye msumari chooni. Na kila Januari lilijalidi madaftari. Mwalimu alikuwa akikagua: daftari lisilo na gamba, mwenye nalo anasimama nje. Kwa hiyo ukiniuliza Sani za mwaka 1983 zilikwenda wapi, nitakwambia zilikwenda darasani, zikafundishwa hesabu na sisi, zikafa pamoja na madaftari yetu.

Mwaka 2011 tulihamisha vitu vya Mama kutoka chumba kimoja kwenda kingine, na nyuma ya kitanda tukakuta sanduku la bati la kaka. Ndani mlikuwa na fulana ya mpira wa miguu, kitabu cha fizikia, na Sani sita. Tano zilikuwa nzima kwa kiasi chake. Ya sita haikuwa na jalada wala karatasi ya kwanza, na juu kwenye kona ilikuwa na doa la wino wa zambarau lililopenya kurasa nyingi likififia kadiri unavyokwenda ndani. Kaka alikuwa akitumia kalamu ya kuchovya, na mikono yake haikuwa mitulivu. Nikazibeba zote sita hadi Dar es Salaam kwenye mfuko wa sukari, nikazisoma usiku mmoja, asubuhi nikaandika ile orodha. Ile isiyo na jalada niliipa jina la Yatima nikaiweka chini kabisa, maana haikuwa na namba na sikujua niikate wapi.

Kutafuta kuna adabu yake. Kosa langu la kwanza lilikuwa kufika kwenye meza ya vitabu na kuuliza, "Una Sani za zamani?" Macho ya kijana yule yaligeuka kama mita ya teksi. Tangu siku hiyo nauliza kama kuna magazeti ya Kiswahili ya zamani, yoyote, maana mzee wangu anapenda kusoma, kisha nachambua lundo kuanzia chini, kwa sababu vilivyo juu vimeshaonwa na kila mtu. Nikikuta ninachokitaka, nakichanganya na vitatu nisivyovitaka. Hivyo ndivyo nilivyopata kitabu cha ufugaji wa nyuki ambacho kimekuja kunifaa.

Posta ilinipa manne. Tandika kulikuwa na mama mmoja anayeuza magazeti kwa kilo kwa wenye maduka, na chini ya mizani yake, kama kigingi cha kuizuia isiyumbe, kulikuwa na bunda limefungwa kwa kamba ya katani. Nikaliomba. "Hilo ndilo linalosimamisha biashara yangu, mdogo wangu," akasema. Nikamnunulia tofali. Kweli, nilikwenda kwa fundi wa jirani nikanunua tofali moja la saruji, nikamletea, akaniuzia bunda kwa bei ya kilo. Ndani mlikuwa na Sani tisa, na katika hizo, tano zilikuwa kwenye orodha yangu. Nilizipeleka nyumbani nikiwa nimezipakata kwenye daladala kama mtoto aliyetoka kuchanjwa.

Sasa niseme jambo la aibu. Mawili kati ya hayo matano yalikuwa yamepasuka kwenye mkunjo, na mimi kwa furaha yangu nikayabandika kwa selotepu. Yalipendeza. Baada ya miaka mitatu selotepu ilikauka ikadondoka, ikaacha utepe wa rangi ya chai palepale ilipokuwa, na kwenye ukurasa mmoja utepe huo unapita juu ya uso wa Lodilofa kama amefungwa kitambaa macho. Hautoki. Nimejaribu kila kitu ambacho mtu hatakiwi kujaribu.

Nilichojifunza baada ya hapo nilijifunza kwa hofu. Karatasi ya magazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa bila kuondolewa lignini, ile gundi ya asili inayoufanya mti usimame. Mwanga na hewa vikiigusa, lignini hubadilika rangi, na asidi inayotokana nayo huikata karatasi nyuzi kwa nyuzi. Ndiyo maana gazeti la zamani lina rangi ya kahawia pembeni na weupe kidogo katikati, huko ambako hewa ilichelewa kufika. Linajichoma lenyewe polepole, bila moto. Zile bahasha za kaki nilizokuwa nikijivunia nazo zilikuwa na asidi, kwa hiyo nilikuwa nimemlaza mgonjwa wa kifua kwenye chumba cha moshi. Siku hizi kila toleo lina karatasi nyeupe isiyo na asidi mbele na nyuma, yanalala bapa ndani ya sanduku, mbali na ukuta wa bafu, na ndani ya sanduku kuna vile vipakiti vidogo vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu. Rafiki zangu wote wakinunua viatu hunitunzia. Palipochanika nabandika kwa kipande cha karatasi nyembamba na uji wa wanga wa ngano, ambao ukikosea unalowanisha na kuuondoa.

Wadudu ni habari nyingine. Mchwa tunamjua, mende tunamjua, lakini kuna kile kidudu kidogo cha rangi ya fedha kinachokimbia kama tone la zebaki ukifunua kitabu. Hicho hakina haja na karatasi nzima, kinapenda wanga na gundi, na hukwangua uso wa picha hadi Madenge anabaki kivuli. Dawa yake ni friza. Unafunga gazeti ndani ya mifuko miwili ya nailoni, unatoa hewa, unaliweka wiki mbili, na ukilitoa hufungui mpaka lifikie joto la chumbani, vinginevyo linatoka jasho. Kwetu Sani hulala kati ya samaki na barafu ya watoto. Mgeni mmoja alifungua friza kutafuta nyama akafunga taratibu, na hakuuliza.

Nikirudi kwenye bunda la Tandika: kuna toleo moja humo ambalo kama nyumba ingeungua ningekimbia nalo hilo. Si kwa sababu ya uzima wake. Mtoto fulani, miaka hiyo, alikuwa na penseli mbili za rangi, nyekundu na kijani, na amempaka Madenge kila anapotokea. Suruali kijani, shati jekundu, kurasa zote, bila kutoka nje ya mstari. Halafu ghafla, katikati ya ukurasa, nyekundu inaisha. Unaona kabisa inavyoisha: mikwaruzo inakuwa myepesi, kisha ya mbao, karatasi imechimbika kidogo. Kuanzia hapo Madenge ana suruali ya kijani na shati tupu mpaka mwisho. Pembeni kuna hesabu ya kujumlisha ya mkono mwingine, ya mtu mzima, unga na mafuta ya taa na nauli, na jumla imekosewa kwa shilingi kumi. Wakusanyaji wa nje hulipa pesa nyingi kwa nakala isiyoguswa na mkono. Ningepata Sani isiyoguswa na mkono ningeshuku ni ya bandia.

Mzee wa Tanga hakubaliani nami katika hili. Yeye anataka nakala safi, na akikuta jina la mtu juu ya jalada anasikitika kama amekuta chale usoni. Tulifahamiana kwa simu kupitia muuza vitabu mmoja aliyechoka kuulizwa swali lilelile na watu wawili. Nilipomtembelea mara ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla sijakaa akauliza, "Umekuja kununua au kubadilishana?" Nikasema kubadilishana. "Basi kaa." Kununua kwa mwenzako anaona ni kama kuchukua mtoto wa watu kwa mahari ya haraka.

Yeye alianza mbali kuliko mimi. Ana vipande vya kibonzo cha Chakubanga alivyokata kwenye gazeti la Uhuru akiwa kijana, vile vya Christian Gregory, amevibandika kwenye daftari kubwa la mahesabu, kimoja kila ukurasa, tarehe chini yake kwa mwandiko wa karani. Chakubanga namheshimu. Alikuwa akisemwa nyumba nzima inaposoma gazeti la chama, na alipita mahali ambapo hotuba isingepita. Ana pia Juha Kalulu, kile kibonzo cha Edward Gitau kilichodumu miaka na miaka kwenye Taifa Leo la Kenya, alivyotumiwa na shemeji yake wa Mombasa kimoja kimoja ndani ya barua. Na ana Abunuwasi, kitabu cha vibonzo cha mchoraji Gado, kilichotolewa na wachapishaji Sasa Sema wa Nairobi mwaka 1996. Gado mwenyewe ni mtoto wa Dar es Salaam, kwa hiyo mzee huiweka upande wa Tanzania kwenye rafu, na hataki ubishi. Tulibadilishana matoleo matatu kwa matatu siku ile, juu ya kahawa chungu na kashata, na nilipoondoka alinisindikiza hadi barabarani akiwa ameyashika yale aliyonipa mpaka basi lilipofika, ndipo akayaachia.

Kwa mwendo huo mapengo yakawa matano, mawili, moja. Na hapo ndipo gari lilipozimika.

Sitawachosha na miaka minne ile. Kwenye maktaba moja kubwa nilikuta sanduku lenye lebo sahihi, ndani mna majarida ya kilimo. Mtu fulani wa Mwanza alinitumia picha ya jalada lenyewe, nikamtumia fedha, likaja lingine, tena la miaka ya tisini. Nililalamika, akanijibu kwamba kicheko ni kicheko tu. Kaka niliyemsumbua kila Idi alisema labda lilipotea kwenye treni. Nilifikia mahali pa kuota ndoto kwamba halikuwahi kuchapishwa, kwamba waliruka namba wakati wa shida ya karatasi, na mimi na mzee wa Tanga tunamtafuta jini.

Mwaka jana mwezi wa nane nilikwenda Morogoro kumwona Mama. Ana miaka themanini na miwili, miguu inauma, kichwa kiko sawasawa kuliko cha watoto wake wote. Alikuwa anatafuta cheti chake cha kliniki na akaniambia nitazame kwenye droo ya kabati la vyombo, chini ya daftari la upatu. Daftari lile nalijua tangu utoto. Limevikwa nailoni ya mfuko wa maziwa, na ndani ya nailoni unaona karatasi ya kahawia yenye maandishi madogo yaliyofifia. Nimeliona mara elfu. Nimelisogeza, nimelifuta vumbi, nimewahi kulitumia kufukuzia nzi.

Siku hiyo nailoni ilikuwa imepasuka kwenye kona. Na kwenye kona ile, chini ya nailoni, kulikuwa na doa la zambarau.

Nilikaa chini sakafuni. Nikafungua simu, maana Sani zangu zote nimezipiga picha ukurasa kwa ukurasa, nikaenda hadi kwa Yatima. Doa lake limekaa kama Ziwa Tanganyika, refu, lenye tumbo kidogo upande wa kusini. Nikafunua gamba la daftari. Mama alikuwa amekunja karatasi mbili kwa pamoja ili liwe gumu, jalada na ile karatasi ya kwanza, na jalada alikuwa amelitanguliza ndani, uso ukitazama daftari. Doa lilikuwa pale, zito zaidi, ziwa lilelile kabla halijakauka. Kwenye mkunjo palikuwa na matundu mawili yenye duara la kutu. Nikalitoa jalada taratibu, nikaligeuza, na namba ikanitazama.

Nilikuwa nalo. Tangu siku ya kwanza, tangu kabla sijaandika orodha, toleo nililolitafuta Posta, Tandika, Tanga na Mwanza lilikuwa chini ya sanduku langu mwenyewe likiitwa Yatima, na uso wake ulikuwa kwenye droo ya vyombo kwa Mama. Na kwa kuwa karatasi ya kwanza ndiyo ya mwisho, mwisho wa kisa niliokuwa sijauona tangu utotoni nao ulikuwa umekunjwa pale. Niliusoma palepale sakafuni. Ni mwisho wa kawaida, mtu anakimbizwa. Nilicheka mpaka Mama akauliza kama nimepata habari mbaya.

Nilimtumia mzee wa Tanga picha. Alikaa kimya saa nzima, kisha akaandika: "Hongera mwanangu. Usiniambie lilikuwa wapi, na la kwangu usinitafutie."

"Mama," nikasema, "kwa nini ulifunika kwa ndani picha?"

"Daftari la fedha za watu," akasema. "Linachekaje?"

"Naliomba hili gamba."

"Na daftari langu litakaa uchi?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, Ndunguru, orodha, kabati, tofali la Tandika. Alisikiliza kwa heshima, kama anavyomsikiliza daktari. Halafu akanyoosha mkono nikampa daftari, akafungua ukurasa anaoujua kwa vidole. Majina kumi na mawili kwenda chini, miezi kumi na miwili kwenda pembeni, mwaka 1986, shilingi mia kila mwezi, na kwenye kila chumba alama ya tiki kwa wino wa bluu. Chumba kimoja kilikuwa kitupu. Mama Chiku, Novemba.

"Hesabu haijafungwa," akasema.

"Mama Chiku alishafariki, Mama. Tulizika pamoja."

"Watoto wake wapo. Mmoja ana duka."

Nilikwenda dukani kwa jirani nikaomba karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita. Jioni nikalijalidi upya, upande mweupe nje, kona nikazikunja kama tulivyofundishwa ili mwalimu asikutoe, na Mama alisimama nyuma ya bega langu akihakikisha mikunjo inalingana. Likaisha. Akanipa kalamu niandike juu. Nikaandika UPATU 1986, nikataka kupiga mstari chini.

"Ngoja," akasema. "Baada ya themanini na sita weka kistari, halafu uache wazi."